Historia ya Hosea, Kulwa Wetu wa Lupepo

Baba mchungaji, wazee wetu, akina mama mliojitanda kanga kwenye baridi hii, na ninyi vijana mliochimba kaburi huku ukungu ukiwalowesha, tunaomba masikio yenu. Wapo wanaonong'ona kwamba kichanga hasomewi historia, eti atasomewa nini, lakini mama yake, Atuganile, amesema mwanawe hatafukiwa kama mtu asiye na habari, na mimi Erasto, baba yake mdogo, ni nani hata nimkatalie?

Marehemu Hosea Nelson alizaliwa Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini Makandana, akiwa mtoto wa kwanza wa Nelson na Atuganile, waliofunga ndoa tarehe 14 Oktoba 2023, na kabla wakunga hawajavuta pumzi akafuata dada yake, Beatrice. Walikuja kabla ya siku zao, kama ilivyo kawaida ya mapacha wengi, Hosea akiwa na kilo moja na gramu mia nane tu, na majirani wakawaita Kulwa na Doto bila kusubiri ubatizo.

Tarehe 12 Mei waliruhusiwa kurudi Lupepo, mama akiwa ameelekezwa kuwabeba kifuani, ngozi kwa ngozi, na kuwarudisha tarehe 15 wakapimwe. Hapo desturi yetu ikaingia kati. Wazee wetu waliwaogopa amapasa, yaani mapacha, wakiamini kwamba wazazi wao wasipotakaswa kwa dawa miguu ya ndugu na majirani itavimba, basi bibi yao Ambindwile, mama yetu mzazi, akawafungia wote wanne ndani, kwa upendo wala si kwa ubaya, wamsubiri mtu wa dawa. Mtu wa dawa alikuwa mbali, kijijini Suma, mvua ikakata njia, tarehe 15 ikapita.

Elimu yake, kazi yake na ndoa yake tunazisoma kama Atuganile alivyoziona humo ndani, kati ya usingizi na kuamka, mvua ikinyesha juu ya bati na ndizi mbivu zikinukia pembeni. Alimwona Hosea akishuka kwenda shule katikati ya mashamba ya chai, sweta limempita mikono, Beatrice akimkokota, akamwona amekuwa fundi wa kuezeka, yuko juu ya paa anaimba na chakula kinapoa, akamwona ameoa binti mmoja mcheshi, wamejaliwa watoto wanne wanaogombania ukoko jikoni. Atuganile alicheka peke yake gizani, na alipoamka mtoto alikuwa kifuani, ananyonya kidogo tu.

Jumamosi tarehe 17 Hosea alipoa mwili, akaacha kunyonya. Atuganile aliita dirishani, majirani wakamsikia, na hakuna aliyethubutu kusogea. Jumapili asubuhi Nelson aliuvunja mlango, wakawakimbiza watoto hospitali kwa pikipiki, madaktari wakampasha joto, wakampa hewa, wakahangaika naye usiku na mchana, lakini Jumatatu tarehe 19 Mei 2025, saa nane mchana, Hosea alifariki dunia. Beatrice anaendelea kutibiwa, na leo ameruhusiwa kwa saa chache tu ili mama yake aje kuzika.

Leo asubuhi baadhi ya wazee wa ukoo walisema kwamba pacha mmoja akifa hatari inazidi, kwa hiyo baada ya mazishi mama na mtoto warudishwe ndani. Atuganile alimkaza Beatrice kifuani. Ndipo mama yetu aliposimama na kusema, "Mlango niliufunga mimi, nikidhani nawalinda. Mtoto huyu anarudi hospitali leo, na mama yake akichoka nitambeba mimi kifuani."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa muuguzi Veronika, aliyemsindikiza Atuganile na Beatrice hadi hapa na ambaye tangu tuanze anaangalia saa, majirani mliokesha nasi, wenzake Nelson wa shamba la chai, na mzee Amri wa dukani, ambaye gari lake linawasubiri barabarani. Ndaga fijo, asanteni sana.

Ombi letu ni moja. Wakati wanaelekea kwenye gari, Atuganile atapita katikati yenu, na tangu arudi na mapacha hakuna jirani hata mmoja aliyempa mkono. Mpeni mkono. Nawe Hosea, baba, pumzika kwa amani, sisi tunamwahisha dada yako.