Samaki Aliyebaki Bila Jina

Ndugu waombolezaji, kaka yangu Cubaka Mushagalusa ametuachia kitendawili ambacho mimi, Bashizi, mdogo wake, nimeshindwa kukitegua: samaki mkavu wa baharini, kutoka soko la Muyinga, asiyejulikana ni nani.

Marehemu alizaliwa Uvira tarehe 4 Juni 1978, akasoma shule ya msingi hukohuko, akamalizia sekondari hapa Gitega kwa mjomba wetu, kisha akasomea biolojia Bujumbura hadi mwaka 2004. Alifundisha Muyinga, akafunga ndoa na Ghislaine Bulonza kanisani Mutoyi tarehe 12 Agosti 2006, wakajaliwa binti mmoja, Ruth.

Mwaka 2016 alikwenda Dar es Salaam kujifunza kutambua viumbe vya baharini kwa kusoma kipande kifupi cha DNA na kukilinganisha na cha viumbe wanaojulikana, na aliporudi akawa anatuma huko vipande vya samaki wa chumvi wanaotufikia bila vichwa, maana samaki asiye na kichwa huitwa jina lolote.

Mwaka 2023 wateja walimlaumu Mama Salima, muuzaji wa Muyinga, kwamba samaki anayewauzia kwa jina la changu si changu. Kipimo kiliwaunga mkono, ila hakikupata anayelingana na samaki huyo kati ya wanaojulikana. Salima akasema, "Mwalimu, mi sikudanganya mutu, jina hii nilipewa pamoja na samaki." Kaka alimwamini, akaahidi kupima tena, lakini wateja hawakurudi kwa Salima, na figo za kaka zikaanza kushindwa, hadi alipofariki hapa Gitega Jumapili, tarehe 9 Machi 2025.

Kipande cha mwisho cha samaki huyo kilining'inia jikoni kwa kaka. Juzi majirani waliokuja kutupikia, kama ilivyo desturi yetu ya msiba, walikichemsha na nyanya. "Pardon, Mama Ruth," alisema Farida, mmoja wao, "tulijua ni mboga, tena tulikuwa tunalalamikia chumvi." Ghislaine alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, naye Ruth akaopoa mnofu sufuriani, akisema baba yake alimfundisha kwamba hata samaki aliyepikwa huweza kusomeka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, walimu wenzake, na majirani, pamoja na wapishi wetu.

Jana familia iliketi na Salima, ikaamua kwamba ahadi ya marehemu itimizwe. Ruth aliutia mnofu katika spiriti, na leo alfajiri Salima mwenyewe ameondoka nao kwenda Dar es Salaam. Ndiyo sababu kiti kile pale mbele kiko wazi.

Kaka, kazi imepata mikono. Pumzika kwa amani.