Nauli ya Magomeni

Benchi hili nililigonga mwenyewe, mbao zangu, misumari yangu, nikaliweka barazani mbele ya cherehani yangu hapa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ili wateja wakae wakisubiri nguo. Wateja hawakai. Wanakaa watu watatu ambao hawajanishonesha hata leso. Wa kwanza Marcelino, tunamwita Kamati, maana kwake hata kununua kiberiti kunahitaji kikao. Wa pili Yogesh, fundi redio wa mlango wa pili, tunamwita Injinia, na ukimwita jina lake haitiki. Wa tatu Sadalla muuza kahawa, ambaye wenzake wote wanazunguka na birika mitaani, yeye kajibanza hapa na kashata za kuhesabu, kwa sababu sukari Desemba ile ilikuwa haionekani; ukikuta foleni unajipanga kwanza, ndiyo unauliza kinauzwa nini. Sasa jioni moja akaja Isidori, mtunza stoo wa shirika moja la umma, kanuna kuliko mvua ya masika. Suti yake ya Kaunda ilikuwa tayari tangu wiki mbili nyuma, inaning'inia ukutani nyuma yangu. Aliishonesha ya kwenda nayo kwao Rombo, Krismasi.

Mimi: Isidori, suti yako inakula vumbi.

Isidori: Iache ile. Nitaivaa kwenda wapi?

Mimi: Si Rombo?

Isidori: Rombo siendi. Wamenipa nauli ya Magomeni.

Hata Sadalla akaacha kumimina.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Shirika lile, mfanyakazi akifikisha zamu yake ya likizo, linamlipia nauli ya kwenda nyumbani kwao yeye, mke na watoto wanne. Isidori anao wanne kamili, wa kwanza Celina anasoma, wa mwisho bado ananyonya. Lakini siku alipoajiriwa alikuwa kijana, hana mke, ana viatu vya soli nene, anajiona mtoto wa mjini. Karani akamwuliza, "Kwenu wapi?" Akajibu, "Magomeni." Ndivyo alivyoandikwa. Leo anakaa Ilala, anakwenda kuchukua nauli ya likizo, wanamhesabia watu sita, Ilala mpaka Magomeni, humu humu mjini, kwenda na kurudi.

Injinia: Kwa mguu ni bure zaidi.

Isidori: Cheka tu, Injinia. Mama yangu ana wajukuu wawili hajawahi kuwatia machoni. Kila Krismasi anachinja mbuzi, ananiwekea sehemu yangu, inakaa mpaka inaharibika. Mwaka huu nilimwahidi. Inaniuma mpaka chakula hakipiti.

Kamati: Ndugu Isidori, kurekebisha jambo hili ni rahisi. Balozi wa nyumba kumi wa kwenu anaandika kwamba wewe ni mzaliwa wa kule, tawi linathibitisha, kata inapokea, wilaya inapeleka mkoani, mkoa unaleta huku.

Mimi: Mpaka ifike?

Kamati: Kabla ya Pasaka.

Isidori: Pasaka ya lini?

Kamati akaomba kahawa nyingine.

Isidori: Mke wangu Severa anasema twende na lori la Kasmir.

Kasmir tunamjua wote. Anashusha ndizi Ilala kila wiki kutoka huko huko Rombo, anarudi na chumvi na nazi, na njia yake inapita mlangoni kwa mama yake Isidori. Mara nyingine huja hapa kuniletea suruali zake niziwekee viraka.

Isidori: Nikamwambia mke wangu, sikiliza, mimi ni mtu wa shirika. Nishuke toka juu ya magunia ya chumvi na mke na watoto wanne, watu ndiyo wanatoka misa? Wanione wote?

Kamati: Haiwezekani.

Injinia: Hapana, hapana, hiyo haiwezekani.

Na mimi nikasema haiwezekani. Suti ile nimeishona kwa mikono yangu, mishono miwili miwili, sitaki kusikia habari za chumvi.

Mimi: Sasa mama umemwarifu?

Isidori: Safari iliyopita Kasmir alipopita hapa kwenye benchi nilimwagiza. Nikamwambia, mwambie mama mwaka huu hatuji.

Mimi: Basi? Hukusema kwa nini?

Isidori: Fundi, ungekuwa wewe ungesema? "Mama, nimepewa nauli ya Magomeni"?

Kusema kweli nisingesema.

Sadalla: Nyie mnasahau gari moshi. Mimi nilitoka Tabora nikiwa mdogo, chini ya kiti, miguuni kwa mama yangu. Hakuna aliyenidai. Watoto waingie chini ya viti.

Isidori: Wanne?

Sadalla: Wawili kushoto, wawili kulia.

Isidori: Yule anayenyonya akilia?

Sadalla: Mama yake naye aingie chini.

Injinia: Wacha mambo ya chini ya viti, bwana. Mjomba wangu Tulsidas ana gari la Pijo, anakwenda Moshi kutazama shamba la rafiki yake. Nyuma wanakaa watatu, kwenye buti nikitoa tairi la akiba wanakaa wawili, nimeshapima.

Mimi: Na tairi la akiba?

Injinia: Isidori atalipakata.

Isidori: Anaondoka lini?

Injinia: Jumapili.

Kamati: Jumapili! Ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi marufuku barabarani mpaka Jumatatu. Watakwama Korogwe, watu saba na Pijo, usiku kucha.

Injinia: Korogwe kuna machungwa.

Nikamwambia Injinia arudi kwenye redio zake. Hakurudi. Hapo ndipo Kamati akasogea mbele kwenye benchi, akashusha sauti, na akishusha sauti huyo mjue kunakuja balaa.

Kamati: Halaiki.

Isidori: Halaiki gani?

Kamati: Watoto wa halaiki, wale wanaocheza uwanjani siku za sherehe, wanasafirishwa bure. Unawavika watoto wako fulana za rangi moja, Celina mbele anapiga kirungu, wale wengine wanamfuata mkono juu, mkono chini. Wanakwenda kutumbuiza mkoani Kilimanjaro.

Mimi: Watoto wanne ndiyo halaiki?

Kamati: Halaiki ndogo.

Mimi: Na yule wa titi atanyoosha mkono?

Kamati: Huyo ndiye atakayewapendeza wageni.

Isidori alikuwa anasikiliza! Ndicho kilichonitia hasira. Mtu mzima, mke wake kamwambia jambo la maana kalikataa, sasa yuko hapa anapima mtoto wa kunyonya kwa mkono juu, mkono chini.

Sadalla: Mimi nina njia bora. Wazururaji si wanakamatwa? Wasio na kazi, wanarudishwa vijijini kwao, tena kwa gari la serikali. Hawalipi hata senti.

Kamati: Endelea.

Sadalla: Basi Isidori avue kitambulisho, akae pale mnarani na mkewe na watoto, wazurure. Wazurure kwelikweli, siyo kwa kuonea haya. Wakikamatwa wapakiwe, wapelekwe kwao. Bibi anawapokea, Krismasi inaliwa.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuona watoto wale wanazurura.

Injinia: Ngoja kwanza. Wakishamkamata watamwuliza kwao wapi?

Sadalla: Ndiyo.

Injinia: Watapiga simu kazini kwake kuhakikisha?

Sadalla: Watapiga.

Injinia: Basi watawapakia wote sita, wataenda kuwashusha Magomeni.

Tulicheka mpaka kashata ikaanguka, na Sadalla akaiokota, akaipuliza, akairudisha kwenye sinia. Isidori hakucheka. Aliinamisha kichwa akashika kikombe kwa mikono yote miwili.

Isidori: Nyinyi mnacheka. Mimi mama yangu anazeeka.

Kicheko kikaisha palepale.

Kamati: Basi nashauri tukae kikao, tuchague mwenyekiti, halafu...

Hakumaliza. Kwenye kona akatokea Kasmir mwenyewe, kikapu kikubwa begani, anatembea polepole kwa sababu ya mtu aliyekuwa nyuma yake. Alikuwa mama mfupi, kanyooka, sweta la sufu katika joto lile, kitenge kimefungwa imara, na vipande vya majani makavu ya mgomba vimemganda kwenye kitambaa cha kichwa. Isidori aliinuka, kikombe kikamponyoka, kahawa yote miguuni kwa Kamati.

Isidori: Mama! Shikamoo mama!

Mama: Marahaba.

Hakumkumbatia wala hakutabasamu. Alimsogelea, akainua mkono, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo. Kisha akakigeuza, akampima kwa upande wa pili.

Mama: Wewe huna homa.

Isidori: Sina, mama.

Kasmir: Nilimfikishia maneno yako kama ulivyoniagiza, kaka. Hakuniuliza kitu. Nilipomaliza kupakia ndizi nikamkuta ameshapanda. Nyumbani kwako sikujui, najua hapa tu, ndiyo nimemleta hapa.

Mama akaomba kikapu kishushwe. Akakifunua mbele yetu. Kulikuwa na mafuta ya ng'ombe kwenye kopo, nyama iliyokaushwa juu ya jiko, mizizi imefungwa kwa kamba ya mgomba, majani ambayo mimi siyajui, na chini kabisa kiblanketi cha mtoto. Vitu vya kumpikia mgonjwa supu. Alivibeba safari nzima juu ya mikungu ya ndizi. Akafunika tena kikapu, akatugeukia sisi wa benchi, maana aliona mwanawe hasemi.

Mama: Mgonjwa ni nani?

Jamani. Kamati, mwenye jibu la kila kitu toka tawini mpaka mkoani, akainama kukamua kahawa kwenye suruali. Injinia akageukia redio zake kule mlangoni kwake. Sadalla akaanza kufuta vikombe vilivyo safi. Na mimi nikakanyaga cherehani, haina hata nguo, sindano inapiga hewa.

Mama: Ni Severa?

Isidori: Hapana, mama.

Mama: Ni mtoto? Sema ni yupi. Nimejitayarisha njia nzima, wewe sema tu.

Isidori: Watoto wazima wote, mama. Severa mzima. Hakuna mgonjwa.

Mama: Hakuna?

Isidori: Hakuna.

Mama: Basi?

Isidori akalia. Mtunza stoo wa shirika, baba wa watoto wanne, alisimama pale barazani kwangu machozi yanamtoka, watu wa foleni ya sabuni upande wa pili wanatazama, na hakujali. Mama yake hakumwuliza tena. Alimshika mkono tu, akasubiri amalize, na nilipomtazama usoni nikaona alichokuwa nacho ni furaha, kwa sababu tangu Rombo alikuwa akihesabu nani atakuwa amekufa, na sasa wote wako hai.

Alipokwisha kujifuta, Isidori akamgeukia dereva.

Isidori: Kasmir, unarudi lini?

Kasmir: Kesho alfajiri. Nimepakia chumvi, nazi chache. Nitatandika turubai juu, watoto watalala kama wako kitandani.

Isidori: Tuko saba.

Kasmir: Najua, mama ndiye wa saba. Ninyi sita mkeo alikwishawaombea nafasi wiki ile, nikishusha ndizi.

Sadalla alitikisa birika, kilichobaki kilikuwa cha kikombe kimoja, akakimimina chote akampa mama na kashata juu yake. Si ile ya kuanguka, nilihakikisha. Mama akanywa amesimama. Mimi nikaishusha suti, nikaikunja, nikaifunga kwenye gazeti na kamba mbili, nikamwambia Isidori akifika kwao ndiyo aivae, siyo juu ya chumvi, na asipoleta pesa iliyobaki Januari tutakosana.

Walipokuwa wanaondoka kwenda Ilala kwa watoto, mama yule akasimama, akatutazama tulivyojipanga kwenye benchi, vikombe vitupu mikononi.

Mama: Na hawa ni nani?

Isidori: Hawa ni rafiki zangu, mama. Walikuwa wananisaidia mambo ya safari.

Akatutazama mmoja mmoja, Kamati na suruali yake ya kahawa, Injinia, Sadalla, akamalizia na mimi.

Mama: Asanteni.

Tukainamia vikombe vyetu vitupu.