Maisha ya Isakwisa Mwaisumbe, Aliyeambiwa Ameiua Ndege ya Ulaya

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu na jamaa mliotoka Rungwe na Iringa, majirani wa Iyunga, pamoja nanyi waheshimiwa wa Kamati ya Ndege mliowahi viti vya mbele kama kawaida yenu, mimi ni Tupokigwe, mdogo wake marehemu, mwalimu wa darasa la pili, na ninasimama hapa leo Ijumaa, tarehe 6 Juni 1958, kwa sababu kaka yetu mkubwa Eliezeri, ambaye ndiye aliyepaswa kusoma, aliipitia karatasi hii akasema haisomeki mbele za watu wakubwa. Mimi nimeona inasomeka vizuri tu. Kwa miaka mitatu mji huu umemwita marehemu mtu aliyeiua ndege ya Ulaya, watoto wake wameitwa hivyo hivyo njiani wakitoka shule, na familia imekataa afukiwe na jina hilo, kwa hiyo mtanivumilia, na asiyeweza kuvumilia, njia ya kurudi mjini anaijua.

Marehemu Isakwisa Mwaisumbe alizaliwa tarehe 11 Mei 1916 huko Rungwe, mwaka ule Wajerumani walipoondoka Tukuyu, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Jailos Mwaisumbe na mama yetu Ikupa, ambaye yupo hapa, ameketi karibu na jeneza. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1925 hadi 1933, akafaulu vizuri hasa katika hesabu, na tangu utoto alikuwa na tabia ya kuhesabu kitu kwanza ndipo akiamini, tabia iliyomfanya awe karani mzuri na asialikwe kwenye mikutano mingi.

Tarehe 1 Aprili 1937 aliajiriwa katika uwanja wa ndege wa Mbeya, kazi yake ikiwa kufukuza mbuzi na ng'ombe ndege inapotaka kutua, na mwaka 1946 akapandishwa kuwa karani wa mizani. Kwa wale ambao hawajapanda ndege, nao ndio wengi wetu, pamoja na wengi wa Kamati, nieleze kwamba uwanja wetu uko juu sana, hewa ni nyepesi, jua likipanda inazidi kuwa nyepesi, na ndege haiwezi kunyanyuka na mzigo ambao ingeunyanyua pwani bila taabu, ndiyo maana kila msafiri hupimwa pamoja na sanduku lake, na uzito ukizidi mtu hubaki. Wapo wanawake wa heshima katika mji huu waliomchukia marehemu kwa sababu alikuwa akisoma uzito wao kwa sauti, na tunakiri kwamba alichelewa kujifunza kunong'ona.

Alifunga ndoa tarehe 16 Oktoba 1943 mjini Iringa, alikokuwa amepelekwa kusaidia kazi kwa miezi minne, na mke wake ni Severina, binti wa fundi seremala Joachim, ndoa iliyopatikana baada ya pande mbili za dini kutazamana kwa mwaka mzima. Walijaliwa watoto watatu, Esta aliyezaliwa mwaka 1945, Sedekia wa mwaka 1948 na Juliana wa mwaka 1952, na nyumba yao hii ya Iyunga marehemu aliijenga kwa mikono yake.

Sasa nafika kwenye Kamati. Mwaka 1953 waungwana kadhaa, Wazungu wenye mashamba na hoteli, wafanyabiashara, na makarani wetu wawili watatu wa kuwapigia taipu, walikutana wakaamua kwamba Mbeya ni mji unaostahili ndege ya moja kwa moja ya kwenda London, ile kubwa inayokwenda Afrika ya Kusini na kurudi, na kabla ya kuuliza nani atapanda, walichapisha karatasi za barua zenye picha ya ndege juu. Vikao viwili vizima vilijadili rangi ya benchi la wasafiri. Wenzao wa Iringa waliposikia, wakaunda Kamati yao, wakadai ndege hiyo hiyo itue kwao pia, maana haiwezekani ndege itue Mbeya na Iringa ipate vumbi tu, na hivyo miji miwili iliyo jirani kiasi kwamba ndege ikimaliza kupanda inaanza kushuka, ikaomba ndege ya safari ya siku mbili isimame kwao kama lori la nyanya. Marehemu aliwaeleza kwamba ndege hunywa mafuta mengi zaidi inapopaa, kwamba kituo kimoja kisicho na watu ni hasara na viwili ni wazimu, na Kamati ikamjibu kwamba karani wa mizani apime mizigo.

Kampuni yenyewe haikuwa ya wajinga, ilimtuma mtaalamu kutoka London, mtu mwembamba mwenye kofia ya majani, akae uwanjani wiki tatu aone Mbeya ina wasafiri wangapi. Alhamisi tarehe 9 Septemba 1954 Mwalimu Liberatus alikuwa anakwenda Nairobi kwa kozi ya miezi mitatu, kwa ndege ile ndogo ya kila wiki, na kama ilivyo desturi yetu, ukoo wake wote ulikuja kumsindikiza, wakaja wa Iyunga, wakaja wa Tukuyu waliolala njiani, wakaja na ndizi, kuku na nyimbo za kanisa, na mimi mwenyewe nilikuwepo, nimevaa gauni jipya, ingawa sikumfahamu Liberatus zaidi ya kumsalimia. Mtaalamu alikaa barazani na kimashine chake cha kuhesabia mkononi, kila mtu akiingia getini anabonyeza, akapata watu mia moja arobaini na sita. Nami nimo. Mimi ambaye sijawahi kuvuka Chimala hapo jirani nilihesabiwa siku ile kuwa msafiri wa London.

Marehemu alimwendea mtaalamu pale pale barazani, akamwambia kwa Kiingereza chake cha misheni, mbele ya Kamati nzima, "Bwana, hao hawasafiri. Wamemsindikiza mmoja." Akamwonyesha mizani, akamwambia siku ile waliopanda juu yake ni watatu, na kwamba kati ya hao watatu hakuna aliyekuwa na haja ya kwenda mbali kuliko Nairobi. Akaendelea, kwa bahati mbaya yake, kueleza kwamba ndege ya mbali haiishi kwa siku ya ngoma, inaishi kwa Alhamisi za kawaida, za mvua na za matope, inataka mtu wa kwenda na mtu wa kurudi, na shehena ya kujaza nafasi iliyobaki, na hapa kwetu kahawa na pareto vinashuka kwa lori bila haraka yoyote. Mwenyekiti wa Kamati, mwenye hoteli, alicheka, akamweleza mgeni kwamba karani huyu huona watu waliopo tu, haoni wanaosubiri zamu, na Bwana Silvester, katibu wa Kamati, aliyesoma dawati moja na marehemu kwa miaka sita, aliandika maneno hayo ya mwenyekiti kwenye kumbukumbu na hakuandika ya marehemu.

Jioni yake nyumbani tulimkalia kikao. Eliezeri alimuuliza anatafuta nini kugombana na wakubwa, mama alilia, na mimi, naomba lisikike, nilimwambia, "Kaka, wakitaka watu mia, wape watu mia, wewe itakupunguzia nini?" Alinijibu kwamba ndege haiwezi kubeba watu wasiokuwepo, akaenda kulala. Nimekuwa mwalimu miaka kumi na mmoja na sijapata kuona aibu kama ninayoiona kwa swali lile.

Ndege kubwa ilikuja Alhamisi tarehe 10 Februari 1955, bendi ikapigwa, ng'ombe wawili wakachinjwa, hotuba zikasomwa mpaka jua likapanda, na jua lilipopanda hewa ikawa nyepesi, ikabidi masanduku ya barua na mafuta yapunguzwe ndipo ndege iweze kunyanyuka. Walioshuka ni wawili, nao walishuka kunyoosha miguu. Aliyepanda ni mmoja, bibi mmoja wa mashambani aliyekuwa anakwenda kung'olewa jino Nairobi. Wiki ya pili hakupanda mtu, wiki ya tano Iringa ilitoa mmoja na Mbeya haikutoa hata huyo, na tarehe 21 Aprili, wiki ya kumi na moja, ndege iliondoka na haikurudi, na benchi, ambalo hatimaye lilipakwa kijani, likabaki.

Watu wenye haya wangenyamaza. Kamati ilikutana, ikatafuta mkosaji, ikagundua kwamba wasafiri walikatishwa tamaa na karani aliyewapima hadharani na kumharibia mgeni mawazo, na tarehe 15 Julai 1955, baada ya miaka kumi na minane ya kazi, marehemu alifukuzwa na wakubwa wa uwanja, kwa maombi ya Kamati, kwa barua inayosema kwamba ni mtu asiyeaminika kwa hesabu. Mtu yeyote anayemfahamu Isakwisa angeicheka barua hiyo, ila wale aliowaomba kazi hawakuwa wanamfahamu. Alihamia Iringa kwa wakwe, akaomba kazi mahali saba, mahali saba wakaisoma barua, na wa nane, mfanyabiashara mmoja asiyependa kusoma, akamweka nje ya ghala kupima magunia ya pareto, kwenye baridi, mvua na vumbi la maua yale yanayokaba kifua. Hakulalamika, ila kila mwaka aliandika kuomba neno lile lifutwe, na hakuna aliyemjibu.

Kikohozi kilimwanza Agosti 1957, Aprili mwaka huu akashindwa kusimama, akalazwa hospitali mjini Iringa tarehe 19 Mei, na Jumanne tarehe 3 Juni, saa tisa alasiri, akafariki dunia, mke wake akiwa amemshika mkono, marehemu akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Mwili umesafiri kwa lori siku mbili hadi hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Iringa, waliofanya yote waliyoweza, majirani wa Iyunga waliotunza nyumba hii ikiwa imefungwa, dereva wa lori ambaye hakuvuta sigara njia nzima kwa heshima ya marehemu, na wenzake wa uwanjani, wafukuza mbuzi, waliokuja kwa miguu na ndio watakaobeba jeneza. Kamati ilituma kuomba nafasi ya kubeba. Nafasi zimejaa.

Mwisho namshukuru Bwana Silvester, ambaye jana mchana alituletea barua na machozi. Machozi tumemrudishia, barua nimeishika hapa. Imeandikwa na kampuni, ikatumwa kwake kupitia anwani ya Kamati, inasema kwamba katika hesabu zote zilizotoka Mbeya, ni za karani Mwaisumbe peke yake zilizolingana na yaliyotokea, kwamba wanamtaka Nairobi awe mkuu wa mizani, nyumba ipo, na afike kabla ya tarehe 1 Mei 1956, asipojibu nafasi itapewa mwingine. Bwana Silvester anasema Kamati ilikubaliana ikae kwanza kwenye saraka ya meza yake, ili isionekane nani alikosea. Barua hii, ndugu waombolezaji, ilitoka London tarehe 14 Machi 1956, ikafika Mbeya tarehe 19, siku tano, na kutoka mezani kwa Bwana Silvester hadi nyumba hii, mwendo wa saa moja kwa mguu, imechukua miaka miwili, miezi miwili na siku kumi na saba.

Kaka, walikuita kazini. Nimekusomea mimi, kwa sauti, wote wamesikia. Hesabu yako ilikuwa sawa, mwana wa Jailos, lala sasa kwa amani.