Homoni za Hyasinta

HYASINTA: Haloo! Nani mwenzangu?

CLOTILDA: Mimi Clotilda, wifi yako. Laini mpya hii.

HYASINTA: Aa, wifi! Za Buguruni?

CLOTILDA: Njema tu. Sikusikii vizuri, kelele hizo—

HYASINTA: Kariakoo hii, unataka kimya cha kanisani? Sema, nina mteja anachagua vitenge.

CLOTILDA: Nilikuwa... Unaendeleaje na hiyo hali yako?

HYASINTA: Hali gani?

CLOTILDA: Ya homoni.

HYASINTA: Hee! Imeshafika Buguruni?

CLOTILDA: Kaka Beno, mumeo, kaweka cheti cha vipimo vyako kwenye grupu la ukoo. Wazee wanakaa Jumapili. Wanataka urudi Masasi ukapumzike, mwili utulie. Duka atakushikia ndugu mmoja—

HYASINTA: Duka langu! Fremu niliyopanga mwenyewe!

CLOTILDA: Unaona? Umeanza. Umri huu, wifi, homoni zikivurugika mwanamke anafoka, anashuku watu—

HYASINTA: Nilimuuliza mume wangu amelala wapi siku tatu. Ndiyo kufoka?

CLOTILDA: Ulimuuliza kwa sauti.

HYASINTA: Timu yake ilipofungwa alivunja runinga kwa stuli, akalia mpaka kamasi. Mkasema anaipenda timu! Mimi nimeuliza swali moja tu, nina homoni. Mna akili nyie?

CLOTILDA: [mkwaruzo] ...unakatika... mashine imepima, wifi! Mpaka asilimia zimeandikwa!

HYASINTA: Mashine ya yule muuza dawa lishe? Unashika kichuma, karatasi inatoka?

CLOTILDA: Hiyohiyo. Si alikuja hapo dukani?

HYASINTA: Beno ndiye aliyemleta. Mimi nilikuwa nakata kitenge, mikono yote imejaa. Sasa uliza kichuma kilishikwa na nani.

CLOTILDA: Na nani?

HYASINTA: Na kaka yako! Eti, "Ngoja nikushikie, sisi mwili mmoja, padri alisema."

CLOTILDA: Acha utani!

HYASINTA: Naapa. Na yule tapeli akaandika jina langu. Hizo zilizovurugika ni za Beno. Mpelekeni yeye Masasi akapumzike.

CLOTILDA: [anacheka] Haki ya Mungu, na wazee wameisoma ile karatasi kwa miwani—

HYASINTA: Usicheke, mimi inaniuma. Bibi yangu alipoacha kwenda mwezini ndiyo wakampa kiti kikaoni. Walisema sasa huyu mtu mzima, tumsikilize. Mimi nimefika umri uleule, mnaninyang'anya duka.

CLOTILDA: Sisi tulikuonea huruma tu, wifi.

HYASINTA: Huruma yenu kaeni nayo. Na huyo ndugu wa kushika duka ni binamu yenu Winifrida, sio? Juzi kaja hapa na kucha zake ndefu, anapima shelfu kwa macho.

CLOTILDA: Winifrida nani?

HYASINTA: Binamu yenu, wa upande wa mama. Kasema mwenyewe, na Beno kaitikia.

CLOTILDA: Wifi... mama yetu alizaliwa peke yake.

[Mkwaruzo.]

HYASINTA: Haloo? Upo?

CLOTILDA: Nipo. Na mimi mume wangu Kasmir alininunulia unga wa homoni kwa muuza dawa lishe kama huyo. Nikanywa miezi minane. Nikanyamaza kweli, nikadhani nimepona.

HYASINTA: Na yeye?

CLOTILDA: Si unajua? Ana mtoto wa nje Mbagala. Mtoto anatembea sasa.

HYASINTA: Pole, mwaya. Habari ya unga hukuwahi kuniambia.

CLOTILDA: Ningekwambiaje? Nilikuwa naumwa. Sikiliza, salio linaisha. Jumapili usiende kulialia. Uliza mbele ya wazee, huyo binamu mtoto wa nani?

HYASINTA: Nikiuliza, watasema homoni hizo.

CLOTILDA: Basi nauliza mimi. Mimi dada yake, ukoo naujua.

HYASINTA: Wewe, Clotilda? Mbele ya baba?

CLOTILDA: Tunauliza wote wawili. Kwa sauti!

HYASINTA: Watasema zinaambukiza.

CLOTILDA: Waseme! Na shangazi naye nampigia sasa hivi, maana yeye—

[Simu inakatika.]

HYASINTA: Haloo? Wifi? [kwa mteja] Samahani, mama, simu ya nyumbani. Bado hujaamua? Nenda kazunguke tu, usiwe na wasiwasi. Hata Jumatatu utanikuta hapahapa.