Avis Noske, Aliyemtafuta Babaye Magazetini

Marehemu Avis Noske alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 mjini Broken Hill, mtoto wa pekee wa Clem Trembath, mchimba madini, na mkewe Ivy. Babaye alikuwa akimbeba mabegani kwenda kutazama kriketi. Miaka ilivyopita, hata sura yake ilimtoka akilini; yakabaki mabega hayo tu.

Mwaka 1946 Clem alikwenda magharibi, kwenye migodi ya dhahabu ya Kalgoorlie, akiahidi kuwaita. Kimya kikawa kimya. Mwaka uliofuata Ivy alifunga virago, akamchukua bintiye hadi Port Pirie kwa dada yake, akapata kazi ya kufua hotelini. Avis alipouliza habari za baba, jibu lilikuwa moja tu: “Kula pai yako.”

Alisoma Port Pirie hadi alipotimiza miaka kumi na mitano. Alikuwa hodari wa tahajia, tena wa kukera. Mwalimu akikosea ubaoni, Avis alikuwa ameshanyoosha mkono.

Mwaka 1953 aliajiriwa kuunganisha simu mjini. Alizijua sauti za watu wote, na siri zao alizifunika. Akipata laini ya Kalgoorlie, kabla hajaunganisha, humwuliza mwenzake wa huko, “Dada, kwenu hakuna mtu aitwaye Trembath?” Naye hujibu, “Hakuna, mpenzi. Umeuliza tena?”

Tarehe 7 Oktoba 1961 alifunga ndoa na Colin Noske, dereva wa treni, katika kanisa la Methodisti. Mungu akawajalia watoto wawili: mimi Glenys ninayesoma haya, na ndugu yangu Rohan.

Alipostaafu, mkutubi wa mji alimwonyesha kwamba magazeti ya zamani yalikuwa yamepigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao, na kwamba unaweza kuandika jina likatafutwa. Siku hiyo Mama alisahau kurudi nyumbani kupika. Aliandika Trembath, akapata wacheza kriketi, mwizi wa kondoo, na bibi aliyeshinda tuzo ya keki. Clem hakuwamo.

“Wewe na wafu wako!” Baba alikuwa akimtania. “Mume aliye hai anaomba chai.”

“Birika unalijua lilipo, Colin.”

Kwa kuwa mashine iliyogeuza picha hizo kuwa maandishi ilisoma kurasa zilizofifia na kukosea maneno, Mama alizisahihisha kila alipopita, mstari kwa mstari, ili wengine wapate ndugu zao. Mama mmoja wa Hobart alimpigia simu akilia: kwa masahihisho hayo alikuwa amempata nyanya yake.

Kusahihisha huko ndiko kulikomfumbua macho. Aliona jinsi mashine ilivyozoea kuisoma herufi m kama r na n. Basi mwaka 2011 akaandika jina la ukoo wao kwa kulikosea makusudi: Trernbath. Likaja tangazo dogo la mwaka 1948, katika gazeti la magharibi ambalo halikufika Port Pirie: “Ivy Trembath, aliyekuwa Broken Hill, au yeyote ajuaye aliko. Nimeandika, barua zimerudi. Nyumba iko tayari. Clem.” Chini yake ikaja habari nyingine, fupi, ya mwaka 1951: Clem amefariki kwa ugonjwa wa mapafu.

Bibi Ivy alikuwa hai bado, katika nyumba ya kutunzia wazee, na kinyongo chake kilikuwa hai vilevile. Rohan alisema, “Mwache, Mama. Ana miaka tisini na tano. Utamvunja moyo.”

“Moyo ulivunjika zamani,” Mama alijibu. “Nampelekea sababu ya kimya kile.”

Nilikuwapo. Mama alimsomea taratibu. Bibi alitazama dirishani, kisha akasema, “Soma tena.” Akasomewa tena. Ndipo aliposhika mkono wa bintiye. “Avis, picha zake nilizichoma. Zote.”

“Hukujua, Mama.”

“Nilizichoma zote, mwanangu.”

Bibi alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Mama akarudi kwenye magazeti, safari hii kutafuta picha: timu za kriketi, wachimbaji waliosimama kwa safu mbele ya mgodi. Macho yake yalipoanza kufifia mwaka 2019, mimi nikawa naangalia kwa niaba yake. Nilimwuliza, “Bado tunatafuta nini, Mama?”

“Sura yake, Glenys. Jina ninalo. Sura sina.”

Hatukuipata. Mwezi Juni mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka, na tarehe 2 Agosti 2023, asubuhi, alituacha hospitalini Port Pirie, mimi nikiwa nimeushika mkono wake.

Mumewe Colin alimtangulia mwaka 2014. Ameacha watoto wawili, Glenys na Rohan, mkamwana Yvette, na wajukuu Bronte, Lachlan na Imogen.

Mola ampumzishe kwa amani, na amwonyeshe babaye ni yupi.