Msamaha Aliouomba Jamleck Ndegwa

Wapendwa waombolezaji, jamaa na marafiki, familia imenituma niwasomee maisha ya Jamleck Ndegwa Mungai, na mjane wake, Lornah Awiti, ambaye wengi wenu mnamwita Mama Ciru, ameniagiza nisiruke pahali popote, hata pale ambapo yeye mwenyewe atainamisha kichwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kikuyu, mwana wa tatu wa Mzee Mungai na Mama Wangeci, akasomea shule ya msingi ya misheni karibu na kwao, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1970, na mwaka wa 1973 akaajiriwa kuwa karani wa hesabu katika kampuni moja ya bima katikati ya jiji, ambako alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka wa 2006, bila kuchelewa na bila kupandishwa cheo sana. Tarehe 9 Aprili 1983 alifunga ndoa na Lornah, wakajaliwa watoto wawili, Ciru na Ryan, na mwaka wa 1991 wakahamia nyumba ya ghorofa hapa Jamhuri.

Marehemu alipenda nyota kuliko alivyopenda nyama, na waliokula naye wanajua kwamba hilo si jambo dogo. Alinunua darubini kwa mtu aliyekuwa akihama kutoka Hurlingham, akaipandisha juu ya paa, na jioni ukimtafuta ulimpata huko, amejifunika kabuti, chupa ya chai iko kando yake.

Mwezi wa Agosti 2003 sayari ya Mirihi ilikaribia dunia kuliko ilivyokuwa imekaribia kwa maelfu ya miaka, na kwa kuwa jioni ndiyo kwanza ilikuwa ikichomoza upande wa mashariki, marehemu alilazimika kuilaza darubini, ikawa inaelekea juu kidogo tu ya madirisha ya ghorofa ya mkabala. Waliokuwa nyuma ya madirisha hayo hawakuona Mirihi, waliona mwanamume mzima na darubini yake, na Jumapili tarehe 31 kamati ya mtaa, chini ya Bwana Nzula, ilifika nyumbani kwake ikamshtaki kwamba anachungulia wake za watu.

Mama Ciru aliujua ukweli, kwa maana jioni chache kabla ya siku hiyo alikuwa amepanda naye, akaweka jicho, akaiona Mirihi yeye mwenyewe, nyekundu kama punje ya mtama. Lakini aliona aibu, majirani wamejaa mlangoni, Ciru analia chumbani, na badala ya kusema alichokiona alimwambia mumewe mbele ya wote, "Baba Ciru, omba tu msamaha, yaishe."

Marehemu alimtazama, kisha akasimama akaomba msamaha, na hayakuisha. Msamaha wenyewe ndio uliogeuka ushahidi, watu wakauliza asiye na kosa anaomba msamaha wa nini, mapazia yakawa yanafungwa akipita, kanisani akaondolewa kwenye uzee wa kanisa kimyakimya, nayo darubini ikaingizwa chini ya kitanda, Mama Ciru akawa anaipangusa vumbi huku akiona haya hata kuitazama.

Ndipo marehemu alipoanza kutafuta milima. Mwaka wa 2005 alitumia likizo yake kwenda Sutherland, Afrika Kusini, ambako darubini kubwa zimejengwa juu ya kilima mbali na taa za miji, na mwaka wa 2007 akafika La Palma, kisiwa cha ng'ambo ya bahari chenye darubini kubwa mlimani, akapanda hadi kileleni, ingawa aliruhusiwa kuingia mchana tu, kwa hivyo mtu wetu alivuka bara na bahari kwenda kutazama darubini zilizolala, akarudi amefurahi kama bwana harusi. Akiwa Sutherland alimpigia mkewe simu, naye akamuuliza huko kukoje, akajibu, "Huku ni kuzuri, Mama Ciru. Hakuna dirisha la mtu." Mama Ciru alisema simu inakatika, na haikuwa ikikatika, akaketi jikoni akalia.

Mwaka wa 2008 marehemu alipatikana na saratani ya tezi dume, akatibiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na siku moja wodini Mama Ciru alimwambia kwamba anataka kupita mlango kwa mlango aseme ukweli, lakini marehemu akamkataza, akasema aliyeutamka msamaha ule ni yeye mwenyewe. Alituacha alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2009.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, wenzake wa kampuni ya bima waliotoa damu, na majirani wa Jamhuri mliokuja kila jioni mkaleta viti na kupika chai, pamoja na nyinyi mliokuwa katika kamati ile, kwa maana wengi wenu mko hapa leo. Mbele yenu Mama Ciru anasema kwamba alipanda juu ya paa, akaona, akanyamaza, na kwamba aibu hii ni yake, si ya marehemu. Msamaha ulioombwa tarehe 31 Agosti 2003 familia inauondoa leo, kwa sababu aliyeuomba hakuwa amekosa.

Lala kwa amani, Baba Ciru.