Masista Hawakuwa Wapole

Ndugu zangu, Padri ameniomba niseme kwa ufupi na kwa upole. Ufupi nitajaribu.

Kamati ya parokia inataka jiwe la kaburi la masista wetu wawili liandikwe "Watumishi Wapole". Nimesimama kupinga. Sitataja majina: masista hawakupenda kutajwa, na wengine ninaowasema wameketi humu kanisani na beji za chama tawala.

Mnanijua. Nilikuwa mhadhiri, nikaandika makala iliyomkera mkubwa fulani, nikafutwa kazi. Marafiki wa Elgon View, mtaa wa matajiri, wakawa wanavuka barabara wakiniona. Nikahamia chumba kimoja mtaani Kapsoya na shahada zangu mbili na busaa, pombe ya kienyeji. Shahada hazikulipa kodi. Busaa angalau ilinisikiliza.

Kisha nimonia ikanishika. Nikajikokota hadi zahanati ya masista. Vijana wa chama walikuwa langoni: asiye na kadi ya chama haingii. Mimi nilikuwa nimekataa kununua. Nikaanguka matopeni.

Sista nesi akatoka.

"Sista, huyu hana kadi."

"Nimonia imeingia kifuani mwake bila kadi, na hukuisimamisha. Toka hapo!"

"Tutakuripoti kwa chifu."

"Enda. Ukipita nyumbani, mwambie mamako dawa yake iko tayari."

Akanishika mguu mmoja, sista wa jikoni akashika wa pili, wakaniburuta ndani kama gunia la mahindi. Huyo wa jikoni alininywesha uji huku akinigombeza: "Wewe mwalimu, ukitaka kufa kwa pombe, kafie vilabuni huko Ziwa. Hapa vitanda vina foleni."

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna mahubiri yaliyowahi kuniingia hivyo. Sijaonja pombe tangu siku hiyo.

Lakini chifu alipowaita masista hao wachochezi mbele ya baraza, nani kati yenu alisimama? Mlipiga makofi! Zahanati ikafungwa, mkanyamaza. Leo wamekufa, mnawaita wapole, ili msiulizwe mlikuwa wapi.

Somo langu ni dogo: anayekufungulia mlango wakati wa hatari, msimamie angali hai. Masista, asanteni kwa ukali wenu, ndio ulioniponya.

Jiwe liandikwe hivi: "Walisimama langoni." Na kamati ikiogopa, nipeni patasi. Mwandiko wangu ni mbaya, lakini kazi nimeshafutwa.